Joto, Mvua na Tornado za Marekani: Maswali Yanayorudi Kila Ripoti ya Mwezi Inapotoka

Kila ripoti ya mwezi ya hali ya hewa ya Marekani inapotoka, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Minnesota yanachemka. Mmoja anasema dunia inaungua, mwingine anatuma picha ya gari lake lililozikwa na theluji na kuuliza, "Joto gani hilo?" Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: ripoti ina safu tatu, joto, mvua na tornado, na safu hizo hazilingani kwa uzito. Ya joto ni imara. Ya mvua usiisome bila ramani pembeni. Ya tornado isome polepole, maana humo ndimo watu wengi hupotea.

Ripoti hii huandikwa na nani?

Huandikwa na Vituo vya Taifa vya Taarifa za Mazingira, NCEI kwa kifupi, vilivyo chini ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga. Makao yake ni Asheville, mji wa milimani huko North Carolina. Taarifa za mwezi uliokwisha kwa kawaida hutoka kabla ya katikati ya mwezi unaofuata. Hesabu za mwanzo za tornado hukusanywa Norman, Oklahoma, kwenye kituo kinachotabiri dhoruba kali.

Kuna ripoti moja ilichelewa kwa sababu ambayo mtunzi wa hadithi angeona aibu kuitumia. Mwishoni mwa Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalifurisha mito ya Asheville, umeme na maji ya bomba vikakatika, na hifadhi ya kumbukumbu za hali ya hewa ikazimwa na hali ya hewa yenyewe.

"Marekani" ya kwenye ripoti ni majimbo yote 50?

Hapana. Ni 48 yaliyopakana. Alaska ina kumbukumbu zake peke yake, zinazoanzia 1925, na Hawaii nayo huhesabiwa kando. Kwa yale 48 kumbukumbu zinaanza 1895, kwa hiyo ukisikia "haijawahi kutokea tangu kumbukumbu zianze", elewa ni tangu 1895, si tangu Adamu.

Na hayo 48 kwa pamoja hayafikii asilimia 2 ya uso wa dunia. Mwezi wa baridi kali Chicago haukanushi lolote kuhusu joto la dunia, kama vile mwezi wa jua kali Phoenix usivyothibitisha lolote.

Wakisema "juu ya wastani", ni wastani upi?

Swali zuri kuliko yote, na wengi hawaliulizi. Kuna wastani wa aina mbili unaozunguka, na vyombo vya habari huuchanganya.

Wa kwanza ni wa karne nzima ya 20, kuanzia 1901 hadi 2000. Kwa kipimo hicho, joto la wastani la mwaka katika majimbo 48 ni nyuzi 52.0 za Farenhaiti, sawa na 11.1 za Selsiasi, na mvua ya mwaka pamoja na theluji iliyoyeyushwa ni inchi 29.94, yaani milimita 760. Ripoti ya taifa hutumia huu.

Wa pili ni wa miaka 30, ambao sasa ni 1991 hadi 2020. Huu ndio unaotajwa na mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni ya mjini kwako anaposema "kawaida ya leo". Hubadilishwa kila baada ya miaka kumi, mara ya mwisho Mei 2021. Wasikilizaji wa nyumbani wanaujua bila kuujua: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotabiri masika ya "wastani hadi juu ya wastani", inalinganisha na kipindi cha miaka 30 kwa utaratibu huohuo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Tofauti yake si ndogo. Mwaka 2024 ndio wa joto zaidi Marekani tangu 1895, wastani wa Farenhaiti 55.5. Ukiuweka kando ya karne ya 20 umezidi kwa nyuzi 3.5. Ukiuweka kando ya 1991–2020, ambayo wastani wake ni 53.3, umezidi kwa 2.2. Mwaka ni uleule na vipimajoto ni vilevile, ila rula imehama kwa sababu miaka ya karibuni yenyewe imepanda. Mtu akikupa ziada bila kukwambia imezidi nini, mrudishie.

Nyuzi 3.5 za Farenhaiti ni ngapi kwa Selsiasi? Nimeona sehemu imeandikwa hasi 15.8.

Umeona kosa ambalo kila mfasiri wa habari hulifanya angalau mara moja, na mimi nimo. Kugeuza joto la leo kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi, unatoa 32 kwanza, ndipo unazidisha kwa 5 na kugawa kwa 9. Lakini 3.5 hapa si joto, ni tofauti kati ya joto na joto. Tofauti haitolewi 32. Zidisha kwa 5, gawa kwa 9, basi: unapata 1.9. Aliyetoa 32 ndiye aliyeandika kwamba Marekani imezidi wastani wake kwa nyuzi hasi 15.8, sentensi ambayo ilipaswa kumshtua kabla haijafika kwetu.

Kwa mvua hakuna mtego. Inchi moja ni milimita 25.4.

Mbona ripoti ilisema mwezi ulikuwa karibu na kawaida wakati sisi tuliganda?

Kwa sababu wastani wa taifa unaweza kuficha vita kamili. Februari 2015 ndiyo mfano ninaoupenda. Mashariki watu walitetemeka kwa baridi iliyovunja rekodi za miaka mingi, na magharibi majimbo kadhaa yakapata Februari ya joto kuliko zote walizowahi kuandika. Jumlisha, gawa, ukakuta taifa liko chini ya wastani kwa kama nyuzi moja tu ya Farenhaiti. Ukisoma mstari huo mmoja utadhani hakuna kilichotokea.

Mvua ni mbaya zaidi kwa hili, maana joto husambaa lakini mvua huchagua. Mei 2015 ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko miezi yote tangu 1895: wastani wa zaidi ya milimita 110 kwa nchi nzima. Texas na Oklahoma ziligharikishwa. California mwezi huohuo ilikuwa kwenye ukame uliofanya wakazi wake wagawiwe maji kwa kipimo. Au chukua Oktoba 2024: Philadelphia haikupata hata tone la kupimika mwezi mzima, jambo lisilowahi kuandikwa katika mji huo. Katikati ya mwezi huohuo Roswell, New Mexico, mji wa jangwani, ulipata mvua ya zaidi ya inchi 5 kwa siku moja na magari yakaelea barabarani. Ndiyo maana nasema safu ya mvua isisomwe bila ramani. Na kama shida yako ni mazao au kisima, achana na ripoti ya mwezi, tazama ramani ya ukame inayotoka kila Alhamisi. Hiyo inahesabu pia udongo na mito.

Nani hasa anapima? Ni mitambo au watu?

Vyote viwili, ila watu kwa wingi kuliko unavyodhani. Tangu 1890 kuna mpango wa wapimaji wa kujitolea: wakulima, walimu, wastaafu, watu wa mitambo ya maji. Maelfu yao hadi leo hutoka nje kila siku, husoma kipimajoto cha joto la juu la siku na cha joto la chini, na kupima mvua.

Kipimamvua chenyewe ni kitu cha kupendeza kwa urahisi wake. Ni kopo refu la bati lenye mdomo wa inchi 8. Juu lina faneli inayomwaga maji kwenye bomba jembamba lililosimama ndani, na bomba hilo limekatwa liwe na eneo la sehemu moja ya kumi ya mdomo. Kwa hiyo mvua ya inchi moja husimama inchi kumi ndani ya bomba, na mpimaji akichovya kijiti chake anaweza kusoma hadi sehemu moja ya mia ya inchi bila miwani ya kukuza. Chini ya hapo anaandika herufi T tu, yaani dalili ya mvua isiyopimika. Majira ya baridi anatoa faneli na bomba, anaacha kopo tupu lipokee theluji, kisha analiingiza ndani, anaiyeyusha na kupima maji yake. Ndiyo maana kwenye ripoti theluji imo ndani ya "mvua": kwa makadirio ya kawaida inchi kumi za theluji hutoa kama inchi moja ya maji, ingawa theluji kavu ya Minnesota hutoa chini ya hapo.

Nasikia takwimu za joto "zinarekebishwa". Si ndiyo kuchakachua huko?

Hapana, na sababu kubwa ya marekebisho inaeleweka hata ukiwa umekaa barazani. Zamani wapimaji wengi walisoma vipimo jioni. Kipimajoto cha joto la juu hubaki kimesimama pale joto lilipofika, mpaka ukirudishe. Sasa fikiria siku ya joto kali: mpimaji anasoma saa kumi na moja jioni, anaandika, anakirudisha, lakini nje bado ni tanuri, hivyo kinapanda tena palepale. Kesho yake hewa ikipoa, kipimajoto bado kimeshikilia joto la jana jioni. Siku moja ya joto imeandikwa mara mbili. Baadaye wapimaji walihamia asubuhi, hasa kwa sababu ya kazi ya mvua, na kosa likageuka: asubuhi za baridi ndizo zikawa zinaandikwa mara mbili. Matokeo ni kwamba kwa miaka mingi takwimu ghafi ziliongezewa baridi isiyokuwepo, kumbe ni saa ya kusoma iliyohama. Usiporekebisha hapo, ndipo unapokuwa umechakachua.

Na kuna kipimo cha kujihakiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtandao mwingine wa vituo 114 katika majimbo 48, vyote mbali na miji, kila kimoja kikiwa na vipimajoto vitatu vinavyochungana. Vituo hivyo havihitaji marekebisho ya namna hiyo, na mstari wake unakwenda sambamba na wa ripoti ya taifa. Hii ndiyo sababu naiamini safu ya joto kuliko nyingine.

"Julai ya saba kwa joto" maana yake nini?

Maana yake wamepanga Julai zote tangu 1895 kwa foleni, na ya mwaka huu imekaa ya saba. Julai hupangwa na Julai wenzake tu. Zilizo katika theluthi ya juu huitwa juu ya wastani, za katikati huitwa karibu na wastani, na za theluthi ya chini huitwa chini ya wastani. Mwezi ukiingia kumi bora kati ya mia ndipo huitwa juu sana ya wastani. Julai ya 1936, enzi za vumbi lililofukuza wakulima kwenye tambarare, bado inashikilia rekodi ya mwezi wa joto kuliko yote katika majimbo 48.

Tornado ni kimbunga?

Kwenye magazeti yetu ndiyo, na vurugu inaanzia hapo. Kimbunga kama Hidaya kilichokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024 huzaliwa baharini, kina upana wa mamia ya kilomita, na hutangazwa siku kadhaa kabla. Tornado ni mkonga wa upepo unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Upana wake mara nyingi ni mita mia kadhaa au chini ya hapo, maisha yake dakika kadhaa, na onyo lake pia ni la dakika. Wazee wana chamchela, na Biblia ina upepo wa kisulisuli uliompeleka Eliya mbinguni, ila chamchela tunayoiona uwanjani ikizungusha vumbi na mifuko ya nailoni haina wingu juu yake. Mimi natumia "tornado" tu. Ndugu yake wa karibu kwetu ni ile mikonga ya maji ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria huiona ikining'inia kutoka mawinguni.

Wastani wa tornado kwa mwaka ni ngapi, na kilele ni lini?

Kama 1,200 kwa wastani wa 1991–2020. Kilele ni Mei, na Aprili na Juni ziko jirani. Lakini wastani wa mwezi katika safu hii ni mtu mwongo. Aprili 2011 pekee ilikuwa na zaidi ya 750, nyingi zikiwa zimebanana kati ya tarehe 25 na 28 huko Alabama na majimbo jirani. Mei iliyofuata, tarehe 22, tornado moja ilipita Joplin, Missouri, ikaua watu 158. Mwaka mzima walikufa 553.

Halafu kuna Desemba 2021. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 tornado zilipita Kentucky, zikaubomoa mji wa Mayfield, na nyingine ikaingia Bowling Green, mji uliopokea wakimbizi wengi kutoka pande zote za dunia, Wakongomani wakiwemo. Siku tano baadaye, tarehe 15, tornado ziligusa Minnesota. Kumbukumbu za jimbo letu hazikuwa na tornado hata moja ya Desemba kabla ya hapo. Wastani ulikuwa sifuri, na jioni ile ving'ora vililia huku taa za Krismasi zikiwaka madirishani.

Kwa nini idadi ya tornado hubadilika baada ya ripoti kutoka?

Kwa sababu idadi ya kwanza si ya tornado, ni ya taarifa za tornado. Mkonga mmoja ukionekana na dereva wa lori, polisi, na mama aliye kwenye kibaraza chake, unaweza kuingia mara tatu. Baadaye wataalamu wa ofisi za mikoa hutembea njia nzima, wanaangalia miti imelala upande gani, paa limetoka vipi, ndipo wanaunganisha taarifa tatu ziwe tornado moja, au wanakuta upepo wa kawaida tu. Kazi hiyo huchukua miezi. Kwa hiyo ukiona idadi "ya awali", neno hilo lina uzito kuliko tarakimu iliyo pembeni yake.

Zamani zilikuwa chache? Chati inaonyesha ongezeko kubwa tangu miaka ya 1950.

Hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Hesabu rasmi inaanza 1950. Miaka miwili kabla yake, Machi 1948, ndipo maofisa wawili wa jeshi la anga huko Tinker, Oklahoma, walitoa utabiri wa kwanza wa tornado uliotimia. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, watabiri wa serikali walikatazwa hata kulitamka neno hilo kwenye utabiri, kwa kuhofia kuzua taharuki. Tornado kubwa kuliko zote za Marekani kwa vifo, iliyopita Missouri, Illinois na Indiana tarehe 18 Machi 1925 na kuua watu 695, haimo kabisa katika hesabu ya 1950 kuja mbele.

Tornado ndogo iliyopita shamba la mahindi Nebraska mwaka 1955 na kuondoka na kibanda cha kuku, nani angeiandika? Miaka ya 1990 zikaja rada zinazoona upepo unavyojizungusha ndani ya wingu, kisha simu zenye kamera, kisha vijana wanaofukuza dhoruba kwa magari. Ongezeko kubwa la chati ni la macho. Ukizitoa zile dhaifu kabisa na kubaki na za nguvu, ongezeko hilo linayeyuka. Kwa hiyo joto la mwezi huu lilinganishe na la 1930 kwa moyo mkunjufu, lakini idadi ya tornado za mwezi huu usiilinganishe na ya 1960.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi hayahusiki?

Kwa joto yanahusika waziwazi, usiku hasa. Kwa mvua pia: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua nzito za siku moja zimeongezeka, hasa mashariki ya nchi. Kwa tornado jibu ni la vipande. Idadi ya mwaka ya zile za nguvu haijapanda waziwazi. Kilichobadilika ni mpangilio: siku zenye tornado zimepungua, lakini siku ikiwa nayo huwa nazo nyingi, na eneo lake limesogea kutoka tambarare za Texas na Oklahoma kuelekea Mississippi, Alabama na Tennessee. Huko misitu huzificha, nyingi hupita usiku, na watu wengi huishi kwenye nyumba za trela.

EF5 ni kipimo cha upepo?

Ni kipimo cha uharibifu kinachogeuzwa kuwa makadirio ya upepo. Kimetumika tangu Februari 2007, kikirithi kile cha 1971 cha Profesa Ted Fujita. Ngazi zinaanzia 0 hadi 5, na ya 5 inaanzia upepo wa zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Tornado kali ikipita penye nyasi tupu inaweza kupewa ngazi ya chini, maana hakuna cha kubomoa. Baada ya tornado ya Moore, Oklahoma, ya Mei 2013, hakuna iliyopewa 5 kwa miaka 12, mpaka ile ya Enderlin, North Dakota, ya Juni 2025.

Mama yuko Mwanza. Kila akisikia "kimbunga Marekani" ananipigia usiku wa manane: "Mwanangu, uko salama?" Nimjibu nini?

Kwanza mpokee. Kisha mwambie kwamba Alabama kwako ni kama Mtwara kwake, au mbali zaidi. Na mwambie ukweli kwamba wewe hutegemei wastani wowote, unategemea simu yako. Simu ikiandika "tornado watch" maana yake viungo vyote viko jikoni: endelea na shughuli, ila ujue watoto wako wapi. Ikiandika "tornado warning", imeonekana kwa macho au kwa rada: shuka besmenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Kama huna, ingia chumba cha katikati kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Kama unaishi kwenye trela, toka mapema uende jengo imara, usisubiri.

Kitu kingine: hapa Minnesota ving'ora hujaribiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana. Mwezi wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa chini ya ngazi na sufuria kichwani kwa nusu saa, jua likiwaka nje, jirani akikata majani yake. Vikilia siku nyingine yoyote, shuka kwanza. Mama utampigia ukiwa huko chini.